Mwenza wa Kamba

Haya nitakayoyasimulia ni kweli tupu. Nikiongeza neno moja la kwangu, meno yangu ya bandia yaanguke mbele ya wakwe. Sikuambiwa na mtu. Nilikuwepo, niliona, nilisikia, na yale ambayo sikuyaona niliyasikia kupitia ukutani, kwa sababu mimi na hawa wanandoa tulikuwa wapangaji wa nyumba moja, na ukuta uliotutenganisha ulikuwa mwembamba kiasi kwamba mume akipiga chafya, mimi ndiye niliyejibu "Pona".

Mume ni kinyozi, na kila mtu anamwita hivyo, Kinyozi. Mke ni mshonaji. Jina lake la mtaani ni Sindano, kwanza kwa sababu ni mwembamba, pili kwa sababu akikuambia neno hulisikii palepale. Unalisikia ukishafika nyumbani.

Sasa kiwanja. Ipo sehemu nje kidogo ya mji ambapo watu waliochoka kuhama na magodoro kichwani kila mwenye nyumba anapokohoa wanajengewa nyumba zao. Hawagawiwi bure. Vifaa wanavilipia kidogo kidogo kwa miaka mingi, bila riba, na nguvu zinatoka kwa watu wa kujitolea: wapo wa maofisini wanaoshika koleo kama wameshika nyoka, wapo wanafunzi, na tupo sisi wastaafu ambao wake zetu wametufukuza sebuleni. Familia yenyewe hutoa jasho. Unajenga ya jirani, jirani anajenga yako. Na nyumba ikiwa ya mke na mume, wote wawili waonekane ukutani. Hiyo ni sheria ya Bi Msimamizi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu aliyesimama juu ya paa.

Sheria yake nyingine ndiyo iliyotufikisha hapa. Kabla fundi hajapanga kozi, yaani mstari mmoja wa matofali, kamba inavutwa kutoka pembe hii ya ukuta hadi pembe ile, ili matofali yasitembee kama mlevi. Kwingine kamba inafungwa kwenye misumari. Bi Msimamizi hataki. Anasema msumari ukiteleza haukwambii. Kwa hiyo kwetu kamba inashikwa na watu wawili, mmoja huku, mwingine kule, wanaitana: vuta, legeza, tulia, pandisha. Siku ya kwanza unapewa mwenza wako wa kamba, na humbadilishi mpaka mfike kwenye linta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha.

"Mikono ikishazoeana," hutuambia Bi Msimamizi, "msiitenganishe."

Maneno mazuri hayo. Lakini yatoe kiwanjani uyapeleke kwenye kiti cha kinyozi, uone yatakavyofanya.

Kwa sababu mwenza wa Sindano alikuwa mwokaji mikate. Tulimwita Mkate. Alikuwa mrefu, amejaa mabega, na kila asubuhi alikuja moja kwa moja kutoka kwenye tanuri, unga bado masikioni, na mfuko wa mikate ya moto kwa ajili ya wenzake. Mume wa Sindano alikuwa hajakanyaga kiwanjani hata mara moja.

*

Asubuhi ninayoizungumzia, nilikuwa nimelala kitandani mwangu, macho yanatazama dari, sikio liko kwa jirani.

"Mkate huu umetoka wapi?" Hiyo ilikuwa sauti ya Kinyozi.

"Umetoka kwenye tanuri."

"Tanuri la nani?"

"Kula, chai inapoa."

"Sitaki."

"Jana hukutaka. Juzi hukutaka. Umegombana na ngano?"

Kijiko kikazunguka kwenye kikombe muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

"Zamani," Kinyozi akasema, "ulikuwa ukirudi nyumbani nasikia harufu ya mafuta ya cherehani. Nilikuwa nimeizoea. Nikiisikia mlangoni najua umefika. Sasa unarudi unanukia mkate wa moto."

"Na saruji."

"Saruji siisikii."

"Ndiyo shida yako, mume wangu. Unasikia unachotaka."

"Huyo mwanaume anakupa mikate kila siku kwa nini?"

"Anampa kila mtu. Mzee wa hapa jirani anachukua miwili na anasema mmoja ni wa mkewe, na mkewe hajawahi kuuona."

Hapo nilijigeuza kitandani. Ni uongo, lakini hapo hapakuwa mahali pa kubisha.

"Njoo nami leo," Sindano akasema, na sauti ilikuwa imeshuka, imekuwa ile ya mtu anayeomba mara ya mwisho. "Bi Msimamizi ananiuliza kama kweli nina mume au nimeazima picha ya kuweka ukutani. Njoo tu usimame."

"Nina wateja."

"Na Jumapili je, una wateja?"

"Jumapili nachoka."

"Unachoka na nini?"

Nilisikia kiti kikisukumwa nyuma.

"Leo usiende," akasema.

"Leo ndiyo siku ya kwenda kuliko zote. Wanaanza ukuta wa mbele."

"Sindano, sikiliza. Leo ukienda, ukirudi hutanikuta. Nitakuwa kwa mama. Chagua nyumba yao au chagua mimi."

Sasa ninyi mnaosoma hadithi za mapenzi mnatarajia kilio hapa. Hakukuwa na kilio. Nilisikia tu kitambaa cha kichwa kikifungwa, fundo la kwanza, fundo la pili.

"Begi la kahawia zipu yake imekufa," Sindano akasema. "Chukua la bluu."

Mlango ukafungwa polepole. Na mimi nawaambia, nimesikia milango mingi ikibamizwa maishani, mingine kwa ajili yangu, lakini mlango wa kufungwa polepole ndio unaoumiza.

*

Kinyozi hakwenda kwa mama. Ya dukani nilipewa na mteja aliyekuwepo, na hilo silihesabu kuwa kuambiwa. Alikwenda dukani kwake, akawasha mashine, akamkalisha mteja wa kwanza, akaanza kunyoa huku moyo wake umevimba. Alikuwa amefika nusu ya kichwa alipoingia dada yake mkubwa, wifi yake Sindano, mwanamke ambaye hajawahi kuleta habari njema hata kwa bahati mbaya.

"Kaka, kaa chini."

"Nimesimama kwa sababu nanyoa."

"Basi simama vizuri. Nimepita kiwanjani."

"Ulifuata nini kiwanjani?"

"Nilikuwa napita."

"Soko liko huku, kiwanja kiko kule. Ulipitaje?"

"Unataka habari au unataka ramani?"

Dada akavuta benchi.

"Mkeo ana mwenza."

Mashine ikatembea yenyewe juu ya kichwa cha mteja. Ikaanzia kwenye paji la uso ikatokea kisogoni, barabara nyeupe, pana, ungeweza kupitisha baiskeli.

"Ana nini?"

"Mwenza. Amemwita hivyo mwenyewe, mchana kweupe, hakushusha hata sauti. Mwanaume mrefu, mabega haya. Mkeo anamwuliza, 'Mwenza wangu, leo tunalaza au tunasimamisha?' Na yeye anamjibu, 'Tukilaza tutachelewa. Tusimamishe.' Watu wamesimama pale wanasikia, hakuna hata mmoja aliyeona haya."

"Samahani," mteja akasema, "naona kama upande huu..."

"Subiri," wakamwambia wote wawili.

"Mama alisema tangu mwanzo," dada akaendelea. "Alisema huyu binti ana ulimi. Alisema ukimwoa utakuwa mgeni kwako. Na hiyo nyumba ya kujengewa na umati wa watu, Mama amesema hataingiza mguu wake. Atawaambia watu nini? Mwanangu kajengewa na nani? Na mwenza wa mkewe?"

Kwa wasiojua ujenzi, tofali linaweza kulazwa kwa ubapa wake, ukuta ukawa mnene, au likasimamishwa kwa ubavu, ukuta ukawa mwembamba na matofali yakatosha. Walikuwa wanaulizana kuhusu ukuta wa mbele. Lakini Kinyozi angejuaje, na hajawahi kushika hata koleo pale?

Akazima mashine. Akavua aproni. Akatoka. Mteja naye akatoka nyuma yake, shuka la kunyolea likipepea shingoni, nusu ya kichwa ina nywele, nusu haina, akiuliza atamaliziwa lini.

*

Alipofika kiwanjani nilimwona kabla hajatuona. Nilikuwa nimekaa juu ya rundo la matofali, nanyoosha misumari iliyopinda, kazi wanayopewa wazee ili wasimwagie watu zege miguuni. Kinyozi alisimama nyuma ya toroli, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyefika kituoni akakuta basi linaondoka na mzigo wake.

Nitawaambia alichokiona. Aliona nyumba ambayo haikuwa na paa lakini tayari ilikuwa na vyumba. Aliona ukuta wa mbele umefika kiunoni. Pembe ya huku, juu ya ubao uliopitishwa kwenye mapipa mawili, alisimama mke wake, kitambaa kichwani, vumbi la saruji kwenye nyusi. Pembe ya kule alisimama mwanaume mrefu. Na kati yao, kamba.

Halafu akaona mke wake anainamisha kichwa, anafumba jicho moja, na kumtazama yule mwanaume kwa jicho lililobaki, muda mrefu, kwa utulivu.

"Hapo hapo, mwenza," Sindano akasema. "Usisogee."

Mkate akasema kitu ambacho Kinyozi hakukisikia. Sindano akacheka.

Kicheko hicho Kinyozi alikifahamu. Alikuwa amekihangaikia mwenyewe miaka ile, alipokuwa anampelekea Sindano suruali moja apunguze urefu, wiki baada ya wiki, ili apate sababu ya kurudi, mpaka suruali ikawa kaptula. Siku alipoileta kaptula akasema bado ni ndefu, ndipo Sindano alipocheka hivyo, kichwa nyuma, mkono kifuani, na Kinyozi akajua kwamba suruali ile imefanya kazi yake. Tangu lini hajakisikia nyumbani? Alijaribu kukumbuka akiwa pale nyuma ya toroli, na hakukumbuka.

Akatembea mpaka kwenye ukuta.

"Unamkonyeza nani?"

Mwiko wa fundi ukasimama hewani. Koleo zikasimama. Hata mashine ya zege, naapa, ilipunguza mzunguko.

Sindano akageuza uso. Nilikuwa namtazama yeye, si mumewe, na nitakufa nikisema kwamba kitu cha kwanza kilichopita usoni mwake kilikuwa furaha. Kilipita haraka. Kilichofuata kilikuwa sindano.

"Umelipata begi?"

"Nimekuuliza unamkonyeza nani."

Bi Msimamizi akaja kati yao. "Wewe ndiye mume?"

"Ndimi."

"Nilidhani wewe ni hadithi. Karibu. Kozi imeshaanza na kamba haiachiwi katikati. Una maneno na mkeo?"

"Ninayo."

"Basi shika upande ule, useme huku umeshika. Hutaki, geti liko palepale ulipopitia."

Mkate ndiye aliyemkabidhi. Hakusema kwa kiburi wala kwa woga. "Zungusha mara mbili kidoleni, kaka. Usibane sana, inakata." Akasogea pembeni, akasimama karibu nami akipangusa unga ambao haukuwepo.

Hivyo ndivyo Kinyozi alivyojikuta amesimama pembe moja ya nyumba yake, mkewe pembe nyingine, kamba moja kati yao, fundi katikati na ndoo, na sisi wengine wote tumepata kazi za haraka za kufanya karibu na ukuta ule.

*

"Legeza," Sindano akasema.

"Silegezi."

"Kamba, baba. Nasema kamba."

Akalegeza. Fundi akaweka tofali.

"Nimekuona," Kinyozi akasema. "Kwa macho yangu mawili. Umemfumbia jicho."

Sindano hakujibu kwa mdomo. Aliinama, akaweka kidevu karibu na kamba, akafumba jicho moja, na akatazama kwa lile jingine, kufuata kamba, kutoka kwake hadi kifuani kwa mumewe.

"Hivi?"

Kinyozi akakaza kamba.

"Nakuona umepinda," mkewe akasema. "Sogea kushoto."

Mtu mmoja akakohoa kicheko. Kinyozi akasogea kushoto. Na lile jicho likabaki pale mwisho wa kamba, limemlenga, halipepesi. Nadhani hakuwa ametazamwa hivyo na mkewe kwa muda mrefu, na nadhani alitaka kukaa vilevile, hata kama ni kwa jicho moja na kwa ajili ya matofali. Lakini wivu hauondoki haraka mahali ulipozoea kukaa.

"Na mwenza?"

"Mwenza wa kamba. Kila mtu hapa anaye. Mwulize mzee."

Nikainua msumari kumthibitishia.

"Na kulaza na kusimamisha?"

Fundi, mtu mkimya ambaye sijawahi kumsikia akimaliza sentensi, akachukua tofali akaliweka kwa ubapa. "Kulaza," akasema. Akaligeuza kwa ubavu. "Kusimamisha." Akamtazama Kinyozi kuona kama kuna swali lingine.

Hapo kila mtu alicheka, hata yule mteja wa nusu kichwa, ambaye tayari alikuwa amepewa ndoo. Kinyozi peke yake hakucheka.

"Cheka," akamwambia mkewe. "Cheka nao. Hicho ndicho ninachokisema. Huyu mtu unacheka naye."

"Nacheka naye," Sindano akasema.

Hakulitegemea jibu hilo. Hakuna aliyelitegemea.

"Ananichekesha. Anakuja na vichekesho vibaya ambavyo hata mzee hawezi kuviiba aviandike kwenye daftari lake, na mimi nacheka, kwa sababu mgongo unaniuma na nyumbani kuna mtu ananusa nguo zangu. Unataka niombe radhi kwa kucheka? Ulikuwa unanichekesha wewe. Uliacha."

"Ngoja nikakoroge zege," Mkate akasema.

"Kaa hapo," mume na mke wakamwambia.

Akakaa. Alitazama viatu vyake, halafu akainua kichwa. "Kaka, nisikufiche. Kama ningemwona kabla yako, leo tungekuwa na maneno mengine. Lakini nimeshika kamba na mkeo tangu msingi, na kila nikitoa mkate, neno la kwanza analosema ni, 'Kuna wa mume wangu?' Ukisikia hivyo kila siku unajua mahali pako."

Fundi akaweka tofali. Lile ndilo tofali lililowekwa taratibu kuliko yote niliyowahi kuona.

"Vuta," Sindano akasema.

Kinyozi akavuta.

"Kwa nini hukuja?" Sindano akamwuliza. "Si wateja. Si uchovu. Sema. Kozi imeshafika katikati."

Kinyozi alitazama kidole chake. Kamba ilikuwa imechora mstari mwekundu. Alipoanza kusema, alisema chini sana, na sote tukasogea hatua moja.

"Nilikuahidi nitakujengea nyumba."

"Ndiyo."

"Mimi. Nilikuambia mimi. Siyo mwokaji, siyo wanafunzi, siyo yule mzee wa misumari. Kila tofali hapa limeshikwa na mkono wa mtu mwingine. Nitalala vipi ndani yake? Nikiegemea ukuta nitakuwa naegemea viganja vya watu. Wewe unarudi jioni una furaha, unaniambia leo tumemaliza dirisha, leo tumemaliza jiko, na kila ukisema 'tume' mimi simo." Akavuta pumzi. "Simwonei wivu huyu peke yake. Nawaonea wivu wote. Nalionea wivu toroli."

Hakuna aliyecheka, hata mimi, na mimi nimewahi kucheka msibani.

Sindano alilitazama tofali jingine likiwekwa.

"Uliniahidi nyumba," akasema. "Hukuniahidi kwamba utaijenga peke yako. Na ungeahidi nisingekubali, maana nimeona ulivyopigilia ile rafu ya bafuni."

"Rafu bado ipo."

"Inaegemea ndoo."

Kinyozi alikaribia kutabasamu, akajizuia.

"Ukuta huu wa mbele," Sindano akaendelea, "nimewakatalia wiki nzima. Waulize. Wamejenga jiko, wamejenga choo, wamejenga mpaka stoo ambayo hatuna cha kuweka. Kila wakitaka huu nawaambia huu ungojee kidogo. Bi Msimamizi amenigombeza mbele ya watu. Nilikuwa nakuwekea. Jana akasema kesho lazima. Ndiyo maana leo asubuhi nilikuomba, na wewe ukanijibu nichague."

"Sikujua."

"Hukuuliza. Ulinusa."

Fundi alikuwa ameshafika upande wa Sindano. Yalibaki matofali machache. Pale getini, dada yake Kinyozi alikuwa amefika, mikono kiunoni, anangoja kumpeleka kaka yake kwa mama.

"Wifi yangu yule amekuja kukufuata," Sindano akasema. "Ukitaka kwenda, nenda. Sitakushika mguu. Lakini usiachie mpaka kozi ifike kwangu. Mimi nitaishi na ukuta huu, uwepo usiwepo. Usiniachie uliopinda."

Fundi akaweka tofali la mwisho, akaligonga kwa mpini wa mwiko, akapangusa saruji iliyozidi. Kozi imekwisha. Kamba haikuwa na kazi tena. Aliyetaka kuachia, aachie.

Hapo Kinyozi akaruka juu ya ubao kama swala, akapiga goti, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka barabara kuu: "Ewe nuru ya mboni zangu, nyumba hii hata ingejengwa na malaika elfu, mimi ningewaonea wivu malaika!" Sindano akadondosha chozi, chozi likaangukia kwenye saruji, na palepale lilipoanguka saruji ikakauka. Njiwa wawili weupe wakatua juu ya...

*

"Mzee," Sindano akasema. "Hao njiwa wametoka wapi?"

Nawaomba radhi, wasomaji. Hadithi hii nilikuwa nawasomea wenyewe, wakati wa mapumziko ya chai, wote wamekaa kwenye mbao. Nilidhani watafurahi.

"Wasomaji wanapenda njiwa," nikamwambia.

"Na goti?" Kinyozi akauliza. "Ule ubao una upana wa kiganja. Ningepiga goti ningevunjika shingo. Na hayo ya malaika nimeyasema lini?"

"Moyoni."

"Moyoni mwa nani?"

"Na mimi sikulia," Sindano akasema.

"Ulilia kidogo," mumewe akamwambia.

"Ilikuwa saruji."

"Haya. Saruji."

Bi Msimamizi aliweka kikombe chini. "Mzee, umeapa kwa meno yako, tumekusikia. Futa hayo. Andika ilivyokuwa, halafu utafute chekeche la mchanga."

Basi ilikuwa hivi.

Fundi aliweka tofali la mwisho. Tulingoja. Kinyozi alitazama getini alipokuwa dada yake. Akatazama kidole chake. Hakupiga goti, hakutoa hotuba. Alisimama tu pale, jasho linamtoka, kamba bado imezungushwa mara mbili kidoleni, halafu akauliza, kwa sauti ya mtu asiyejua kazi na anayeogopa kuambiwa hapana:

"Nipandishe?"

Sindano akafuta saruji jichoni. Ilimchukua muda.

"Pandisha," akasema.

Akapandisha kamba kwa tofali moja, na fundi akachovya mwiko kwenye ndoo.

Hiyo ndiyo kweli yote. Mnaona wenyewe ilivyo fupi, haina hata njiwa. Na adhabu yangu ni kuchekecha mchanga wote wa nyumba inayofuata, kazi ambayo hakuna anayeipenda, kwa sababu chekeche kubwa linashikwa na watu wawili, huyu huku na yule kule, na huchagui mwenza. Nimepewa wifi. Alikamatwa pale getini siku ileile, akaambiwa kila anayesimama kiwanjani hufanya kazi, na amekuwa akija tangu hapo, anasema anapita tu. Hajanyamaza tangu asubuhi. Ameshaniambia habari za watu wote wa mtaa wetu, na nadhani nusu yake ni uongo, lakini nikimwambia hivyo ananiuliza habari za wale njiwa, na mimi naona haya.